Mbwa wa Dirishani kwa Bi Zubeda

Siku tuliyomzika Mwalimu Mkumbo, mbwa waliokuja na wenyewe walifungwa nyuma ya choo, kwenye ua wa michongoma, wasije wakaaibisha msiba. Hawakubweka. Mchungaji alikuwa anasoma, upepo wa Shelui unampeperushia kurasa, na mimi masikio yangu yalikuwa kule nyuma ya choo. Nikajiambia hata yeye Mwalimu, ndani ya sanduku lake, bila shaka anasikiliza kule kule. Nikatabasamu, nikaona aibu, nikainama. Ndivyo nilivyoumbwa. Msibani lazima nikute kitu cha kunichekesha, halafu nikifika nyumbani nalia mpaka mto unalowa.

Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai kusubiri chakula. Mama mmoja mwenye baibui lililopauka kwa vumbi la safari akaja kwenye mkeka wetu, akavua viatu, akaketi pembeni yangu kama mtu aliyewekewa nafasi. "Wewe ni Neema wa mbwa," akasema, wala hakuwa anauliza. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Umenisahau." Sikuwa nimemsahau, ila nilikuwa sijawahi kumwona barabarani, kwenye jua, katikati ya watu. Bi Zubeda niliyemjua mimi alikuwa wa chumba kimoja, dirisha lenye nondo, mkeka na harufu ya ubani. Kumbe ni mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa namkumbuka mfupi, kwa sababu muda wote nilimwona ameketi.

Mwaka niliomjua nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umenitema, na badala ya kusikitika nilikuwa nimechora kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko, kibao cha chuo changu: CHUO CHA MBWA SHELUI, na chini yake mbwa aliyeketi ambaye kila mgeni alidhani ni mbuzi. Mwalimu Mkumbo alikuwa amerudi kutoka migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa, alikokuwa anatembea na mbwa wa ulinzi, akapanga uwanja nyuma ya maegesho ya malori. Uwanja ulinuka dizeli, chipsi na mkojo wa mbwa. Madereva waliokula kwenye vibanda walikuwa wanamchokoza kupitia uzio: "Mwalimu, huyo mweusi keshafaulu la saba?" Naye anajibu bila kugeuka: "Kakushinda wewe, huyu akiitwa anakuja. Mkeo anakupigia tangu asubuhi." Hakuwa mtu mpole. Alikuwa mkavu, mwenye kiburi, anakunywa chai ya sukari nyingi mpaka meno yakamwisha, na mpira wa redioni ukianza hata mbwa akimng'ata mtu atasubiri mapumziko. Lakini jinsi alivyofanya kazi sikuwahi kuiona kwa mwingine. Mtu akileta mbwa mkorofi, Mwalimu alimgeuzia ndoo, akamwambia keti. Basi. Mwenye mbwa anaketi juu ya ndoo, kamba mkononi, hasemi, hashiki simu, mpaka mbwa achoke kuruka na aje mwenyewe kumnusa. Wengine walikasirika. "Nimemleta mbwa afundishwe, sikujileta mimi!" alipiga kelele mwenye duka mmoja. "Mbwa wako mzima," Mwalimu akamwambia. "Anayetetemeka mikono ni wewe, na kamba inampelekea habari." Mimi nilikuwa nashika kamba ya pili, napika pumba na dagaa, na naota ndoto zangu.

Ujumbe wa Bi Zubeda uliletwa na dereva wa fuso lililoshuka mteremko wa Sekenke. Mumewe, Hamisi, alikuwa amefukiwa na duara, lile shimo ambalo wachimbaji wadogo wanalichimba kufuata dhahabu, na yeye alikuwa ameingia eda. Kwenye ua wa nyumba kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwenye chuma cha karasha kulikuwa na mbwa wa marehemu amefungwa mnyororo, anaitwa Tomi. Tangu bwana wake afe hakuna aliyemkaribia. Chakula alirushiwa kwa mbali. Mbeba mawe mmoja aliyejisahau alichanwa paja. Shemeji mtu, Mzee Rajabu, alitaka mbwa auawe. Bi Zubeda hakutaka, akasikia Shelui kuna mtu. Tulipofika Sekenke na bodaboda, Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, kanzu safi, mikono nyuma. Mwalimu akamsalimia vizuri, akaeleza kazi. "Mjane yupo eda," Rajabu akasema. "Miezi minne na siku kumi hatazamwi na mwanamume asiye wake. Kama hujui hilo, rudi na pikipiki yako." Mwalimu akakuna kidevu, akanigeukia. Sijawahi kusahau alivyonitazama, kama mtu anayepima kamba kama itahimili. "Utaingia wewe," akasema. Yeye akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha chai, na kuanzia siku ile ikawa hivyo: anafundisha akiwa ng'ambo, mimi nakimbia kati ya kibanda na chumba cha mjane. Nilikuwa simu yenye miguu. Moyoni nilifurahi kama mjinga. Niliona kibao changu kinang'aa.

Chumba kilikuwa na giza la baridi. Kitanda kimesogezwa, mkeka chini, birika, chetezo, na dirisha lisilo na kioo linalotazama ua. Mezani palikuwa na ugali wa uwele na mlenda ambao haujaguswa. Bi Zubeda aliketi ameegemea ukuta upande ambao mbwa hawezi kumwona. Nilimuuliza, kama nilivyotumwa, mbwa amemzoea kiasi gani. Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Hamisi alimlea kwa pilipili na giza," akasema. "Alisema mbwa wa mgodini lazima awe wa mtu mmoja. Nisimpe chakula, nisimwite jina. Kila nikipita na ndoo nimrushie jiwe, asije akanizoea akalegea. Mwanzoni nilikuwa narusha pembeni. Siku moja akaniona. 'Mpige kweli, Zubeda, unaniharibia mbwa.' Nikampiga kweli. Mwaka baada ya mwaka, mwanangu, mpaka mkono ukawa unaokota jiwe wenyewe." Nilimuuliza sasa kwa nini hataki auawe, maana hana deni naye la upendo. Akageuza uso dirishani. "Asubuhi ile Hamisi alipotoka, huyu ndiye aliyemuona akifunga geti. Mimi nilikuwa nimelala. Nikimtoa huyu, nani mwingine?"

Nilipompelekea Mwalimu hayo maneno aliacha kikombe chake kipoe. Watu wa maduara wengi walikuwa wanalea hivyo, alisema, na wenyewe wanajiona mafundi. Kisha akanipa kazi ya kwanza: kanga aliyolalia mjane itandikwe uani, pale mnyororo unapoishia, mbali kidogo na dirisha, na mjane aongee. Asiseme na mtu, aseme na mbwa. "Niseme naye nini?" Bi Zubeda akaniuliza kwa hofu, kama aliyeambiwa ahutubie mkutano. Nikasema chochote. Akafunga macho. "Tomi," akaita, na jina lilimtoka kama mfupa. Kule uani mnyororo ukalia. Akavuta pumzi, akaanza kumwambia kwamba maji ya bomba yamekatika, kwamba unga umebaki wa kesho, kwamba shemeji amekuja tena kuulizia funguo za karasha. Siku zilizofuata hakuhitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa naketi kwenye mkeka nikichambua dagaa, namsikia mwanamke ambaye kwa watu alikuwa anaitikia "ehe" na "inshallah" tu, akimwaga moyo wake wote dirishani. "Alikuwa anakoroma, wewe ni shahidi. Ulikuwa unamsikia mpaka huko. Mimi nilikuwa namkanyaga mguu." Siku nyingine sauti ikabadilika. "Aliniambia tutahamia mjini akipata mzigo mmoja mzuri. Wewe alikuambia nini?" Nilikuwa najifanya sisikii. Machozi yakidondokea dagaa nilisingizia moshi, wakati jiko lilikuwa halijawashwa.

Kila baada ya siku chache nilisogeza kanga karibu zaidi na dirisha, na Mwalimu akaagiza mnyororo uongezwe pingili. Chakula sasa kilitoka dirishani, ukoko wa ugali uliochovywa kwenye mchuzi, kutoka mkononi mwake, hapo mbwa anaona. Kwanza Tomi alisubiri mkono uondoke. Kisha akala huku mkono bado upo kati ya nondo. Asubuhi moja nilipoingia, Bi Zubeda alinionyesha kwa kidole mdomoni nisipige kelele. Nilichungulia. Yule mnyama wa kovu usoni, sikio moja limekatika, alikuwa amelala juu ya kanga, mgongo ukiwa umegusa ukuta wa chumba, na yeye Bi Zubeda upande wa ndani alikuwa ameegemeza mgongo wake palepale. Kati yao lilikuwepo tofali tu. Nilitoka mbio kumpa Mwalimu habari. Hakuniambia hongera. Alivuta kofia machoni, akamwambia mama wa chai: "Ongeza sukari." Kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Mzee Rajabu hakupenda. Nilimsikia mlangoni akimwambia shemeji yake kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Kaka yangu hajaoza, wewe unaongea na mbwa dirishani. Watu wanasema." Bi Zubeda akajibu akiwa ndani: "Shemeji, na wewe njoo uongee nami basi. Tangu tumzike umeniuliza funguo tu." Rajabu akaondoka bila kuaga.

Halafu kikaja kichaa cha mbwa. Kijiji cha jirani mtoto aling'atwa, wazazi wakakaa naye nyumbani wakimpaka dawa ya majani, akafa akiogopa maji. Sekenke yote ilibadilika kwa siku moja. Mtendaji wa kijiji akatangaza: mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule kuchanjwa, kila mmoja ashikwe na mwenyewe, afungwe utepe mwekundu shingoni. Atakayekosa utepe atapigwa risasi. Kuhusu Tomi alikuja mwenyewe mpaka getini, kwa sababu ya yule mbeba mawe. "Mbwa asiyeshikika na mwenye nyumba huyo ni wa porini," akasema. "Sina ubaya na mjane, lakini nimetoka kuzika mtoto." Na mjane alikuwa bado eda, hawezi kwenda uwanja wa shule, na mimi Tomi alikuwa ananivumilia tu, hanifuati. Mwalimu alikwenda kumsihi bwana mifugo, kijana mmoja mstaarabu mwenye macho ya usingizi, na yule kijana akakubali kupita na pikipiki akimaliza uwanjani. Lakini na yeye alikuwa na sharti lake: mwenye mbwa amshike mdomo kwa mikono yake miwili, kwa sababu ana mke na mtoto mchanga, hataki kufa kwa ajili ya mbwa wa mtu. Lilikuwa neno la haki.

Nilipomwambia Bi Zubeda alitazama mikono yake. Hajawahi kumgusa mbwa maishani. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na hata mkono wake ulipokuwa unatoa ukoko alikuwa anaachia kabla ulimi haujafika. Rajabu alisema hapana, hatoki, tena kwa mbwa. "Sitoki nje," akamjibu. "Nitafika karashani. Ni uani kwangu." Alijifunika baibui na ushungi mpaka yakabaki macho, akafungua mlango. Bwana mifugo aligeuza uso ukutani mpaka atakapoitwa, nikampenda kwa hilo. Mwalimu alikuwa nje ya geti, haoni kitu, anasikia tu. Bi Zubeda alitembea taratibu. Alipopita pale ndoo inapokaa, mahali alipokuwa akiokotea mawe miaka yote, mbwa alijikunja, akafumba macho, akangojea jiwe. Nilisikia Bi Zubeda akiguna kama mtu aliyechomwa. Akapiga magoti kwenye vumbi la mawe. Akaonyesha viganja vyote viwili, vitupu. "Sina kitu," akamwambia. "Tazama, Tomi. Sina kitu." Sijui tulisubiri kwa muda gani. Mbwa akaja kwa tumbo, akaweka pua yake yenye maji katikati ya viganja. Bi Zubeda akaifunga mikono juu ya mdomo wa mbwa, akatetemeka mwili mzima, lakini mikono haikutetemeka. "Bwana mifugo," nikaita.

Baadaye nilimmiminia maji anawe. Alinawa mara saba kama dini yake inavyomtaka, moja kwa udongo, akisugua kidole kwa kidole, na kila nilipomimina alikuwa anacheka na kulia, na utepe mwekundu ulikuwa unapepea pale uani kwenye shingo ya mbwa. Ng'ambo ya barabara Mwalimu alikuwa ameketi tena. Aliniambia: "Amependa. Sasa ndiyo tunaanza kumfundisha kukataa." Maana mbwa wa mtu mmoja hali cha mtu mwingine, hiyo Hamisi alikuwa ameifanikisha kwa ukatili wake, na sisi tulikuwa tumeivunja ili apokee mkono wa pili. Ilibidi ajengwe upya: apokee kwa mwenyewe, aache cha mgeni na cha chini. Mwalimu alipanga tuanze wiki inayofuata.

Hatukuanza. Jumapili asubuhi dereva alikuja uwanjani akatuita kwa jina. Tulimkuta Tomi chini ya dirisha, juu ya kanga, miguu imenyooka, utepe bado upo, povu limekaukia mdomoni. Karibu na ukuta kulikuwa na kipande cha nyama hakijamalizwa. Mota ya karasha ilikuwa imefunguliwa na kuchukuliwa. Nani aliirusha nyama hatukujua, mpaka leo hatujui. Bi Zubeda alikuwa ameketi ndani, upande wake wa ukuta, mgongo umeegemea palepale. Alisema alimsikia akitafuna na akadhani ni ukoko aliomwachia yeye. Mwalimu alichimba shimo mwenyewe nje ya uzio, akakataa kusaidiwa. Rajabu alikuja, akasimama, akasema "Si niliwaambia," na kwa mara ya kwanza Mwalimu Mkumbo hakuwa na jibu. Njiani kwenye bodaboda, tumebanana, alinena mara moja tu, na upepo ukanirushia maneno yake usoni. "Hamisi alikuwa anajua kitu."

Tangu hapo hakuna aliyegeuziwa ndoo tena. Mbwa akifika, cha kwanza ni kipande cha nyama chini na kamba fupi. Akiinama anavutwa shingo, akiinama tena anavutwa tena, mpaka nyama iwe kitu cha kuogopwa. Wateja waliongezeka. Mbwa wakatoka pale hodari, wanakataa kila kitu, wanatembea macho chini, na wenyewe wanasifu. Madereva waliacha kumtania kwa sababu hakuwa anarudisha. Mimi mwisho wa mwaka niliaga, nikaenda Singida mjini, nikamwacha anasikiliza mpira. Alisema tu: "Ndoo zako zichukue, hapa zinajaza nafasi." Nilizichukua.

Haya yote niliyakumbuka tumeketi msibani, na Bi Zubeda pembeni yangu akihesabu tasbihi bila kuitazama. Eda ilipokwisha alirudi Nzega kwa dada yake, zaidi ya hapo sikujua. Nikamuuliza habari za Nzega. Hakunijibu hilo. "Alikuwa ananitumia salamu," akasema, akielekeza kidevu kaburini. "Kila dereva aliyepita, Mwalimu anaomba radhi. Mwanzoni nilikuwa na hasira. Ikaisha. Nikaona aibu, salamu zote hizo sijazijibu, nianze wapi? Nikasema mwezi ujao. Kila mwaka mwezi ujao. Safari hii dereva amekuja na habari ya msiba." Nyuma ya choo mbwa mmoja akapiga miayo mpaka tukaisikia. "Nilitaka kumwambia neno dogo tu. Miaka yote ile nilimrushia mawe yule mnyama. Miezi mitatu alilala mgongoni kwangu. Nikipewa nichague tena, nachagua ile miezi mitatu na mwisho wake. Basi, ndiyo hilo. Lingemchukua muda gani kulisikia?"

Nilifikiria Mwalimu na kamba yake fupi, na wale mbwa wote wa macho chini.

Sinia lilikuja, wali na nyama, na kijana akaleta jagi na beseni. Nikamwambia mimi nitamnawisha mama. Bi Zubeda akanyoosha mikono juu ya beseni. Imezeeka, mishipa imetoka. "Na wewe huko mjini," akaniuliza, "mbwa wakija unaanza na nini? Na nyama ya chini?"

"Naanza na ndoo, mama," nikasema. "Wenye mbwa wanaketi kwanza. Kukataa nafundisha, tena mapema, siku hizi silazi jambo mpaka wiki ijayo. Lakini baada ya mbwa kuuzoea mkono."

Akatikisa kichwa, kukubali au kusikitika, sikujua. Nikamimina. Akanawa taratibu, kidole kwa kidole, na maji yalipoisha kwenye jagi akaacha viganja vyake pale pale juu ya beseni, wazi, vitupu, kama vile kuna mtu bado anakuja.